Chini ya mikakao ya Ngonga

Salamanda hayupo Ngonga. Hayupo Kyela, hayupo Mbeya, wala hutamkuta popote kusini mwa Jangwa la Sahara. Katika bara letu anaishia Morocco, Algeria na Tunisia. Hata hivyo ni yeye aliyenipeleka. Nilikuwa nimesoma habari za salamanda wa misitu ya mashariki mwa Marekani, nikajiuliza: kazi ile anayoifanya kule chini ya majani yaliyoanguka, huku kwetu inafanywa na nani? Maana majani yanaanguka hapa pia, na mvua ya kuyaozesha Kyela wanayo ya kugawia mikoa mingine.

Msomaji asiyemjua salamanda amfikirie mjusi aliyevuliwa magamba. Ana mkia, ana miguu minne mifupi, lakini ngozi yake ni tupu na ina unyevunyevu, na hilo linamweka upande wa vyura, si wa mijusi. Yule ninayemzungumzia huitwa Plethodon cinereus. Ana urefu wa sentimita kumi hivi, wengi wao wana mstari mwekundu mgongoni, na hana mapafu. Hewa yote anaivuta kwa ngozi na kwa utando wa kinywa, kwa hiyo akikauka amekufa. Mchana hujificha chini ya magogo. Usiku wa mvua hutoka kuwinda. Mayai hutagwa nchi kavu, ndani ya gogo bovu, mama akikaa kuyalinda, na kinachototolewa ni salamanda mdogo aliyekamilika, bila kupitia maisha ya majini.

Mwaka 1975 watafiti wawili, Burton na Likens, walichapisha hesabu walizozifanya katika msitu wa Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire. Waligundua kwamba ukiwapima salamanda wote wa msitu ule kwa uzito, wanawazidi ndege wote karibu mara mbili, hata katika msimu ndege wanapozaliana, na wanalingana na panya na wanyama wengine wadogo kwa pamoja. Watu wamepita katika msitu huo miaka nenda miaka rudi wakiwasikiliza ndege, na chini ya viatu vyao kulikuwa na nyama nyingi kuliko juu ya matawi. Sababu haina uchawi. Ndege anaunguza karibu chakula chake chote kupata joto la mwili. Salamanda hana joto la kulinda, kwa hiyo sehemu kubwa ya mdudu anayemla inageuka kuwa mwili wake, na mwili huo ukaliwa na nyoka, na ndege, na wengine wakubwa zaidi. Mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, ambaye ndege asingejisumbua kumdonoa, anapandishwa hivyo hadi kwenye mlo wa wakubwa.

Basi nikaenda Ngonga, wilayani Kyela, kipindi cha mvua kubwa, wakati vyura na jamaa zao wanapojitokeza wenyewe.

Nchi ni tambarare. Mashariki Milima ya Livingstone imesimama wima kama ukuta. Kaskazini ardhi inapanda polepole kuelekea Tukuyu na Rungwe. Kusini ni Ziwa Nyasa, mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana aliyeteremka kutoka Mbeya na sweta lake analivua kabla hajafika. Kati ya milima na ziwa ni majaruba ya mpunga, migomba, michikichi, na mikakao iliyopandwa chini ya miti mikubwa. Mchele wa Kyela hauhitaji kutambulishwa kwa mtu aliyewahi kula wali. Kakao inajulikana kidogo zaidi, ingawa sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka wilaya hii.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee mwenye shamba la kakao na majaruba machache ya mpunga. Nilimsalimu kwa Kinyakyusa changu cha kubahatisha, "Mugonile, tata," akanijibu kwa "ndaga" ndefu, kisha akahamia Kiswahili ili asinitese. Nilipomweleza nilichokuja kutafuta alicheka.

"Umetoka huko kote, mwanangu, kuja kutafuta chura? Usiku huu hutalala kwa ajili yao."

Alisema kweli. Jioni ile mvua ilikatika ghafla na kumbikumbi wakaanza kumiminika kutoka ardhini. Dukani, chini ya balbu pekee ya nje, watoto walikuwa na ndoo ya maji wakiwakusanya kwa ajili ya kikaango, na pembeni yao, katika mpaka wa mwanga na giza, vyura wakubwa walikuwa wamejipanga wakikusanya wa kwao. Hakuna aliyemfukuza mwenzake. Vyura hao wana ngozi ya vinundu na matezi mawili yaliyovimba nyuma ya macho. Ukimwangalia mmoja kutoka juu utaona madoa meusi mawili puani na mawili kati ya macho, yaliyoacha katikati yake msalaba wa rangi hafifu. Msalaba huo ndio kitambulisho chake. Wataalamu humwita Sclerophrys gutturalis, na jina hilo la pili linahusu koo, kwa sababu dume anapoita anakoroma krrraa, krrraa, hadi kifua cha msikilizaji kinatikisika. Mmoja alimlamba kumbikumbi, akafumba macho ili kumeza, akasogea hatua moja, akamlamba mwingine. Niliacha kuhesabu.

Baadaye mzee alinichukua hadi kwenye kingo za majaruba yake. Nilikuwa na tochi yenye nguvu na nilidhani ndiyo itakayonisaidia. Yeye alikuja na gongo tu.

"Zima," aliniambia. "Ukimulika wananyamaza, halafu utamjua nani?"

Nikazima. Mwanzoni ilikuwa kelele moja tu. Kisha alianza kunipangulia. Ile ting, ting nyembamba isiyokoma, inayotoka kila upande, ni ya wadogo wanaokaa juu ya majani ya mpunga na matete. Mwenye sauti hiyo, alisema, hazidi ukucha wa dole gumba langu. Ile inayokwaruza, iliyo chini majini kwenye nyasi, ni ya mwenye miguu mirefu, "yule ukimkosa mara moja hutamwona tena." Na ile iliyotokea mbali kidogo, kwip, kimya, kwip, ni ya mmoja ambaye harukiruki. "Huyo anatembea, kama mtu aliyechoka."

Nilipowasha tochi baadaye na kuwatafuta mmoja mmoja, kila alichosema kilikuwa hivyo. Wa kwanza walikuwa Hyperolius, vyura wa matete, wenye vidole vilivyoishia kwa visahani vidogo vya kunatia. Wa pili ni Ptychadena, pua iliyochongoka, mikunjo ya ngozi imenyooka mgongoni kuanzia kichwani hadi kiunoni. Wa tatu ni Kassina, mwenye mistari myeusi, na ni kweli anatembea. Vitabu vya utambuzi vinaanza na rangi, na rangi ndiyo inayodanganya kuliko yote: Hyperolius wawili wa aina moja wanaweza kuvaa kanzu tofauti kabisa, na mdogo asifanane na mkubwa. Sauti haibadiliki hivyo, kwa sababu jike lazima asikosee. Mzee huyu hajui jina hata moja la Kilatini, lakini katika giza alikuwa mbele yangu kwa mbali.

Majaruba yana kazi yake. Viluwiluwi wanakwangua ukungu wa kijani majini, wanakua, wanaota miguu, wanatoka nchi kavu, na kwa kutoka huko wanabeba mwilini rutuba ya majini na kuileta juu. Yangeyange wanalijua hilo. Asubuhi walikuwa wamesimama jarubani wengi, wala hawakuja kwa ajili ya mpunga. Kambare anawala viluwiluwi, nyoka anawala wakubwa. Lakini haya ni maisha ya maji, na mimi nilimtaka mwenye kazi ya msituni, asiyehitaji bwawa.

Tulimpata siku iliyofuata, chini ya mikakao.

Shamba la kakao la kizamani, lenye miti ya kivuli juu yake, ni msitu wa kupanda. Jua linafika chini kwa vipande. Majani ya mkakao ni makubwa, magumu, yanaanguka mwaka mzima, na yamelaliana hadi mguu unazama. Ukifunua tabaka la juu unakuta majani yaliyolainika, chini yake yaliyobaki mishipa tu, chini yake udongo mweusi wenye nyuzi nyeupe za ukungu. Kuna jongoo, kuna mchwa, kuna sisimizi, kuna buibui wanaokimbia bila tandabui, na viumbe vinavyoruka vidogo kuliko nukta. Na kutoka ndani ya majani, mchana ule ule, kulikuwa na mlio mfupi mkali, fwit, ambao kila nilipoukaribia ulihamia mahali pengine.

Mjukuu wa mzee ndiye aliyemkamata. Nilimwomba aloweshe viganja kwanza, kwa sababu mkono mkavu unakwangua ute wa ngozi ya chura, na mkono wenye sabuni au dawa ni mbaya zaidi. Alikuwa wa kahawia, rangi ya jani bovu hasa, na hakufika sentimita nne. Mgongoni alikuwa na mchoro mweusi unaopanuka, unabana, kisha unapanuka tena. Vidole vya miguu ya nyuma havikuwa na utando hata kidogo, hivyo si mwogeleaji. Pembeni mwa unyayo, chini ya kidole cha ndani, alikuwa na kinundu kigumu cha kuchimbia. Na kidole cha tatu cha mkono kilikuwa kirefu kupita kiasi, kana kwamba kilikuwa cha chura mwingine. Hiyo ni alama ya dume. Huyo ni Arthroleptis stenodactylus, anayepatikana kuanzia pwani ya Kenya, kote nyanda za chini za Tanzania, hadi Malawi, Zambia na Msumbiji. Si adimu, na pengine ndiyo sababu hakuna anayemjali.

Sasa mlinganishe na yule wa New Hampshire. Jike la Arthroleptis hutaga mayai machache katika kishimo cha udongo wenye unyevu, chini ya majani au mizizi. Hakuna kiluwiluwi kinachoogelea. Hatua hiyo yote inapitiwa ndani ya yai, na anayetoka ni chura mdogo mwenye miguu minne, tayari kuwinda. Anakula mchwa, minyoo, konokono wadogo na kila anayepita kinywani. Anashinda ndani ya majani yanayooza, anahitaji unyevu lakini hahitaji bwawa, anageuza wadudu kuwa nyama na nyama hiyo inaliwa na nyoka na ndege. Koo hizi mbili zilitengana zamani mno, kabla dunia haijawa na ua hata moja, na zote mbili zimefikia uamuzi uleule wa kuachana na maji. Kwa hiyo swali langu lilikuwa limepata jibu, na jibu lilikuwa limekojoa kiganjani mwa mtoto.

Kuna utafiti wa California, wa mwaka 2014, uliowazuia salamanda wasifike kwenye vipande fulani vya majani ya msituni na kuwaacha wafike kwenye vingine. Palipokuwa na salamanda, wadudu wanaotafuna majani walipungua na majani mengi zaidi yalibaki, yakageuka polepole kuwa mboji badala ya kupotea hewani. Siwezi kuichukua hesabu ile na kuibandika Ngonga. Joto ni jingine, mchwa ni wengine. Lakini kanuni ya mlaji anayepunguza watafunaji haina uraia.

Mzee alikuwa na swali lake, la mkulima. "Huyu ananisaidia kakao?"

Nilimjibu kwa kuzunguka kidogo, kwa sababu sikutaka kumuuzia chura. Ua la mkakao linaota shinani na kwenye matawi manene, ni dogo sana, na nyuki hafai kulichavusha. Anayelichavusha ni usubi, wadudu wadogo mno, na mabuu wa usubi wanakua ndani ya majani yaliyooza na maganda ya kakao yaliyoachwa kwenye unyevu. Maua mengi mno yanaanguka bila kushika tunda. Shamba lililofagiwa likabaki udongo mtupu linajipunguzia wachavushaji. Chura yule anaishi katika nyumba hiyo hiyo ya usubi. Inawezekana kabisa anakula na usubi pia. Anachonieleza mimi ni kwamba nyumba bado ipo: akisikika, chini pana unyevu, pana giza, pana chakula.

Tulipokuwa tukizungumza hayo, kijana aliyekuwa akichimba shimo la mgomba alipiga kelele na kurudi nyuma. Kwenye jembe lake kulikuwa na kitu cheusi kinachong'aa, kinene kama kidole, kisicho na kichwa wala mkia wa kueleweka. "Nyoka wa vichwa viwili!" Wengine walitaka auawe papo hapo. Niliomba nafasi, kwa sababu hapa palikuwa na uwezekano wa kitu kikubwa. Amfibia wana kabila la tatu, baada ya vyura na salamanda: sesilia, wasio na miguu, wanaoishi udongoni, ambao kila mtu huwadhania minyoo au nyoka. Tanzania inao. Mmoja anaitwa Scolecomorphus kirkii, kwa heshima ya John Kirk, daktari aliyefika Ziwa Nyasa na Livingstone mwaka 1859 na baadaye akawa balozi wa Uingereza Zanzibar. Jicho la mnyama huyu limeshikamana na kipapasio kidogo kilicho karibu na pua, na anapokitoa kipapasio, jicho linatoka nje ya fuvu pamoja nacho. Sesilia wengine, huko Taita nchini Kenya, wana malezi ya ajabu: mama huinenepesha ngozi yake ya juu na watoto wakaitafuna kwa meno maalum. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2006, na bado naiona ya kushangaza kuliko nyingi za kubuniwa.

Utambuzi wenyewe ni rahisi kama una ujasiri wa kuinama. Sesilia ana ngozi ya ute, iliyogawanyika kwa pete kuzunguka mwili. Aliyekuwa kwenye jembe alikuwa mkavu, na mwanga ulipompiga nikaona magamba madogo yaliyopangana vizuri, na macho mawili kama nukta chini ya magamba ya kichwa. Ni nyoka kipofu, mla mchwa, asiye na sumu wala kinywa cha kumng'ata mtu. Nilihuzunika kidogo kwa ajili yangu, nikafurahi kwa ajili yake. Mzee aliamuru arudishwe shimoni kwenye udongo laini, na kijana alitii akiwa ameinyoosha mikono yake mbali na mwili.

Ukitazama kaskazini siku ambayo mawingu yameachia, unaona Rungwe. Misitu ya juu kule ina mmoja aliyewashinda wote kwa kuyakimbia maji. Mwaka 1905, Berlin, Gustav Tornier alieleza habari za chura kutoka milima hii ambaye hatagi kabisa: jike hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa vyura kamili. Leo anaitwa Nectophrynoides viviparus, na ndugu zake wote wa jenasi hiyo ni wa Tanzania. Maarufu zaidi ni chura wa Kihansi, aliyeishi kwenye manyunyu ya poromoko moja tu. Mto ulipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme manyunyu yalipungua, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Aliyerudishwa kuanzia 2012 alitokana na wale waliokuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa. Yule alikuwa na hekta chache tu duniani. Arthroleptis ana nchi kadhaa, lakini kwa mkulima mmoja nchi kadhaa hazina maana. Ana shamba lake, na shamba linaweza kunyamaza peke yake.

Ngozi ndiyo inayowaponza vyura. Kinachopitisha hewa na maji kinapitisha pia dawa ya kuua magugu na ya kuua wadudu. Kwenye njia ya majaruba niliona chupa tupu za dawa zimetupwa ukingoni, mdomo chini, pale pale maji yanapoingilia. Sikumwona anayezitupa na sikuuliza.

Mjadala wa mwisho ulikuwa wa nyumbani, wakati tukila wali na kambare wa nazi. Mke wa mzee alikuwa amesikiliza habari za majani tangu mchana, naye hakuzipenda.

"Mwalimu wa kilimo alitufundisha tusafishe," alisema. "Kakao inaoza nyeusi mtini. Ukiacha maganda, ugonjwa unapanda tena."

Ni kweli, na mama alikuwa na haki. Ugonjwa wa kuoza matunda unajificha katika matunda yaliyougua, na kuyaondoa ni sehemu ya tiba. Nikasema labda kinachohitaji kuondolewa ni tunda jeusi, si jani: matunda mabovu yachumwe yote yafukiwe mbali, majani yaachwe.

"Na nyoka je? Wajukuu wanacheza hapo."

Mzee alikuwa ameshaonja ushindi wa mchana, akataka kueleza jinsi nyoka kipofu asivyong'ata. Mkewe alimtazama mpaka akarudi kwenye sahani yake. Kisha akatoa uamuzi, akionyesha kwa kijiko kupitia mlangoni: "Majani yabaki huko huko kwenye kakao. Kuanzia ule mgomba wa pili kuja hapa, nafagia mimi, na nisimsikie mtu."

Mzee akasema mgomba wa kwanza ungetosha. Mama akaongeza kambare kwenye sahani yangu, akasema ni wa pili.